Puto la Tatu Karibu na Dari

Mwenzenu naogopa urefu, tena sana. Kampuni yetu ya Riyadh iliponipeleka Jeddah kupima ukumbi mpya wa mikutano, mtu wa kupanda juu nikawa nani? Mimi. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka: unapasua puto. Ukumbi unapigwa mlio mmoja, mfupi na mkali, kisha kinasa sauti kinasikiliza unavyojibu mpaka mwangwi uishe. Hapo injinia anajua kama maneno ya msemaji yatasikika au yatavurugika. Puto lilitakiwa lipasukie pale spika zitakapofungwa, karibu kabisa na dari, kwa hiyo nikasimama kwenye ubao wa jukwaa la mafundi, nimefungwa mkanda wa usalama.

Injinia alikuwa dada wa Mombasa, hana masihara na kazi. Alizima kiyoyozi, akazima na taa maana zilikuwa zinavuma. Joto la Jeddah likatuvaa. Hakuna kukohoa, hakuna kusogeza mguu, mpaka aseme "halas", yaani basi. Kipimo cha kwanza kiliharibiwa na simu ya mlinzi wa ukumbi. Cha pili nilikiharibu mimi, puto lilipopasuka nikaropoka, "Mama yangu!"

"Ukiharibu tena nakurudisha Riyadh, ukajieleze kwa kafili mwenyewe," akasema kutoka chini.

Ikama yangu, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa inakaribia kuisha. Kafili, yaani tajiri aliyenidhamini, akikasirika haifanyi upya, na bila ikama safari ni ya nyumbani. Nikaapa sitatoa hata pumzi.

La tatu nikalipasua. Nilijiandaa, lakini wapi! Mwili ulishtuka wenyewe, mguu ukakosa ubao, na kabla sijajua nini ni nini nikawa naning'inia gizani kwa mkanda wa usalama. Mlio wa puto ulifunika kila kitu. Mkanda ulinibana kifua, miguu inatafuta pa kukanyaga, chini ni weusi mtupu. Kamba ikavutika juu yangu. Jamani, niliogopa. Niliona wanangu, nikaona jeneza. Na bado nikauma mdomo, kwa sababu mwangwi ulikuwa haujaisha.

"Halas!" dada akasema kwa furaha. "Safi kabisa! Haya, pasua jingine tuhakikishe."

"Dada," nikaita. "Nimeanguka. Naning'inia."

"Acha utani bwana."

"Wallahi dada, nakufa!"

Tochi ikapanda, ikanikuta. Ukelele alioupiga sijawahi kuusikia tena. Yeye na mlinzi wakapanda, wakanivuta kwa mikono hadi kwenye ubao.

Tulipofika chini nikajilaza. Dada alikaa sakafuni kando yangu, analia, amenishika mkono.

"Mbona hukupiga kelele? Ungekufa!"

"Ulikuwa bado unarekodi," nikamjibu.

Jibu lilinitoka hivyo hivyo, bila kufikiri. Nilipojisikia nikiyasema maneno yale, nikaogopa kuliko nilivyoogopa kule juu.