Mkono wa Kinyozi Shiundu

Shiundu alikuwa kinyozi pale Kisumu Ndogo miaka ya sabini, wakati mashine ya kunyolea ilikuwa ya kubanwa kwa mkono, bana achia, bana achia, tangu asubuhi mpaka jua lizame. Alikuwa mbishi kupindukia, na mimi nilimpendea ubishi huo.

Mkono wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Usiku kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilimwasha moto, akawa anaamka kuukung'uta. Mchana mashine ikawa inamponyoka. Majirani zetu, ambao kwao kila ugonjwa una mchawi wake, wakasema amerogwa. Shiundu hakuwasikiliza, ila alifanya ujinga wake mwenyewe. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akaukaza kwenye kifundo cha mkono, kama wafanyavyo wabeba mizigo ili wapate nguvu. Ganzi ikazidi, naye akazidi kukaza.

Siku moja mashine ilimng'ata Obiero, fundi viatu, mteja wake wa miaka mingi. Obiero akainuka na kichwa kimenyolewa nusu.

"Hii mashine yako siku hizi hainyoi, inang'oa," akasema, akaenda kumaliziwa kwingine.

Wengine wakamfuata. Shiundu aliumia sana, maana kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuitaka.

Akaenda hospitali. Daktari alimgonga kifundo kwa kidole, Shiundu akaruka. Kisha daktari akaikata ile tyubu kwa makasi.

"Hapa kuna njia nyembamba," alisema. "Mshipa wa fahamu unapita humo pamoja na kano za vidole, na juu yake kuna utepe mgumu. Kazi ya kubana imefanya ndani kuvimbe, mshipa umekosa nafasi. Halafu wewe unaufinya zaidi."

Akampa kibao cha kuvaa mkononi usiku, cha kunyoosha kifundo, kifungwe bila kukazwa, akamwambia aupumzishe mkono. Shiundu alitii kwa miezi, ingawa kukaa bure kulimuudhi. Nafuu ilikuja kidogo, lakini gumba likabaki dhaifu. Ndipo daktari akasema utepe ukatwe.

Nasambu, mkewe, alikataa katakata.

"Baba Musimbi, wakikata hiyo mshipa utabaki na mkono ya kuning'inia tu. Nani atalisha hawa watoto?"

"Si mshipa, ni utepe. Na saa hii nawalisha na nini?"

Akaenda peke yake.

Kidonda kikapona. Alichezesha vidole kila siku kama alivyoagizwa, na usiku akalala vizuri. Lakini aliporudi kazini, kiti chake kilibaki kitupu. Wanaume walimsalimia, wakapita. Hakuna aliyetaka kumkabidhi kichwa mtu aliyepasuliwa mkono. Alisimama hapo kutwa nzima, mashine mkononi, hasira imemjaa.

Nasambu, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya njia, aliyaona yote. Akavuka, akafungua kitambaa cha kichwani, akaketi kwenye kile kiti mbele ya wanaume, akaanza kufumua nywele zake ndefu zilizosukwa vizuri.

"Nyoa."

"Mama Musimbi, watu wanaangalia."

"Ndiyo maana nimekuja. Nyoa yote."

Shiundu akanyoa. Mashine haikukwama hata mara moja. Wapita njia wakasimama, Obiero akiwa miongoni mwao. Shiundu alipomaliza, Nasambu alikipapasa kichwa chake chote polepole, akitafuta mahali palipokatwa au kung'olewa. Hakupata. Akajifunga kitambaa, akakung'uta kiti.

"Obiero," akasema, "kuja ukae."