Ile Samaki Uitie Chumvi

Hadjara anauza maziwa Butembo, na hamwamini mtu kabla ya kumpima. Asubuhi wenye ng'ombe wanapofika na maziwa ndani ya bidoni, madumu yao ya plastiki, yeye hutumbukiza pèse-lait, kijiti cha kioo chenye namba. Maziwa yakiwa halisi, kijiti huelea. Yakiwa yameongezwa maji, kinazama, na bidoni inarudi ilikotoka bila maneno mengi. Kwa bahati mbaya kijiti cha kupima waume hakijatengenezwa, na Hadjara aliolewa na Fadhili, dereva wa lori, mtu aliyetia chumvi katika kila alichosimulia.

Fadhili akipata pancha moja, nyumbani zilifika nne. Akisimamishwa na askari mmoja, ilikuwa kikosi kizima. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka Mombasa na samaki ndani ya bidoni, mviringo, kijani, mwenye madoa meusi, akasema samaki huyo akikasirika anavimba kama mpira, Hadjara aliendelea kuosha sufuria. Wakamweka katika duka lililo mbele ya nyumba, ndani ya aquarium, tangi la kioo ambalo Fadhili alilinunua kwenye bureau ya ONG, shirika la misaada lililofunga milango. Wiki ya pili samaki alikasirika, akavimba kama mpira. Hadjara alimpa jina la Konseye, yaani diwani, kwa sababu ya tumbo.

Wakazoeana. Konseye alikula konokono wadogo ambao wauza mboga wa Kalunguta walimletea Hadjara, na aliwachukua kutoka vidoleni mwake.

Simu ya mwisho ya Fadhili ilitoka Eldoret, mtandao ukikatikakatika.

"Mama Zawadi, ile samaki uitie chumvi. Kidogo kidogo."

Sasa, Butembo samaki aliyetiwa chumvi ana jina. Anaitwa makayabo, na huliwa na sombe, majani ya muhogo.

"Konseye hapana makayabo," Hadjara alijibu, akakata simu.

Kesho yake walimkuta Fadhili amefariki ndani ya kabini. Moyo, walisema. Vitu vyake vililetwa na dereva ambaye Hadjara hakumjua: nguo, msala, redio, na gunia la kilo kumi la chumvi ya bahari. Aliliangalia gunia lile, akaona kwamba mtu huyu alikuwa amekusudia kweli kumfanya Konseye makayabo. Alilisukuma nyuma ya stoo na hakulifungua hata siku chumvi ya jikoni ilipomwishia. Alimlilia mumewe kwa dhati na alimkasirikia kwa dhati, na mambo hayo mawili hayakuzuiana.

Miezi minane baadaye Konseye alianza kufifia. Kijani kiligeuka kijivu, akalala chini kwenye mchanga, akakataa konokono. Jirani, mama Kavuo, alishauri dawa ya kuhara. Zawadi, binti yao aliyeolewa Beni, alisema kwenye simu kwamba ni afadhali wamle angali mzima. Hadjara alikasirika, halafu akaogopa. Katika nyumba ile, Konseye ndiye kiumbe wa mwisho ambaye Fadhili alimleta akiwa hai.

Ndipo akapita Issaka wa Beni, aliyeendesha lori la pili nyuma ya Fadhili miaka tisa. Alikuwa amekuja matangani, lakini matangani hakuna anayezungumza habari za samaki. Alipomwona Konseye aliuliza kwa nini mpaka leo yuko katika maji matupu.

"Iko samaki ya kuishi penye muto inakutana na bahari, shemeji," alisema. "Fadhili alirudi kwa muuzaji, akamuuliza vizuri. Balimuambia maji ipate chumvi, kidogo kidogo. Akanunua gunia muzima. Hapana ulipata gunia?"

Hadjara aliketi juu ya kreti. Alisema gunia alilipata. Issaka alikunywa maziwa yake, akaendelea na safari.

Mara mbili katika maisha yake Fadhili alisema jambo bila kuongeza kitu: ya kwanza hakuaminiwa, ya pili hakueleweka.

Kila Ijumaa baada ya sala Hadjara alichota ndoo ya maji ya Konseye, akayeyusha ndani yake glasi ndogo ya chumvi, akayarudisha polepole mpaka mkono ukachoka. Mara mbili alitamani kumwaga nusu gunia yaishe, na mara mbili aliyakumbuka maneno yale mawili ya mwisho ya simu, kidogo kidogo. Majani ya mtoni aliyokuwa amempandia Konseye mchangani yalioza kwa chumvi, akayatoa. Kujua maji yamefikia wapi, alitumia chombo alichokuwa nacho. Wiki za kwanza pèse-lait ilizama hadi chini. Wateja walimwona akipima maji ya samaki, wakaangalia maziwa yao, na wawili hawakurudi. Alinunua pèse-lait ya pili na kuitundika ukutani mahali pa kuonekana.

Ijumaa ya tano Konseye aliinuka kutoka kwenye mchanga. Ijumaa ya nane kijani kilirudi. Ijumaa ya kumi na mbili kijiti kilielea, namba kumi na tano. Maziwa halisi hufika thelathini; ya namba hiyo angemrudishia mwenye ng'ombe bila salamu. Alitumbukiza vidole na konokono, na Konseye akaja juu, akachukua, akang'ata na kidole.

"Ulisema samaki," Hadjara alisema, akiwa peke yake dukani. "Ungesema maji, Fadhili. Ningekusikia."

Alibaki pale akikinyonya kidole, na kidole kilikuwa na chumvi. Halafu alifunga duka mapema, jambo ambalo hafanyi, akaenda stoo, akachota katika gunia na kutia kwenye maharagi ya jioni.

Ilizidi, bila shaka. Alikula yote.