Nilichomtafsiria Mama

Madam alikuwa mpangaji wetu, chumba cha uani, nyumba yetu ya Msimbazi. Alitoka Uganda kuja kufundisha Kiingereza shule moja ya binafsi. Mtaani wakamwita Mwalimu wa Dola. Hata mimi niliamini analipwa dola nyingi, mpaka nilipoanza kumsindikiza sokoni Kariakoo nikaona anasubiri jioni, wauzaji wakifunga, ndipo anunue nyanya zilizopondeka.

"Shule inanikata mshahara kila mwezi kulipia kibali cha kazi," aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. "Nusu ya kinachobaki naituma kwa wanangu."

Kodi ya miezi sita ya kwanza ililipwa na shule. Iliyofuata alitakiwa alipe mwenyewe, yote kwa mkupuo, kama ilivyo kawaida ya Dar. Mama akamwita sebuleni. Mkalimani mimi. Bahati mbaya alikuwepo na jirani anayeuza vitenge, na yule hana siri.

"Mwambie mama naomba nilipe mwezi kwa mwezi," Madam alisema taratibu. "Za miezi sita sina. Kweli sina."

Jirani akacheka. "Anasemaje? Au dola zimeshuka bei?"

Madam alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Mimi naona aibu hata kujibu swali darasani. Siku hiyo niliona aibu kwa ajili yake. Nikasema, "Anasema atafikiria."

Mama akanuna. "Afikirie nini? Kwani tunambembeleza? Wapangaji wapo kibao!"

Nikamwambia Madam, mama amekataa. Akatikisa kichwa, akasema, "Asante, mama."

Jumamosi akahama. Mkokoteni mmoja: godoro, begi, ndoo ya njano. Alikuwa anaenda Jangwani, kwenye vyumba vya bei rahisi ambavyo mvua ikinyesha maji yanaingia.

"Mzigo wenyewe ndio huo?" mama akauliza mlangoni. "Mtu wa dola?"

Hapo nikamwambia ukweli wote. Mama akakaa kibarazani.

"We mtoto, mwezi kwa mwezi si ningempa tu? Kimbia, mrudishe."

Nilikimbia. Ile ndoo niliiona mbele, katikati ya mikokoteni mingine. Ilikuwa ni kuita tu, "Madam!" Watu walikuwa wengi, sauti ikagoma kutoka. Nilipomfikia Jangwani, alikuwa ameshamlipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alisema hela hairudi.