Alama Sabini na Moja za Kalumba

Saa moja asubuhi, Kalumba Ntambwe anagonga magurudumu ya lori kwa nyundo na kutega sikio. Kila gurudumu linamfika kifuani. Madereva wenzake wanapanda, wanawasha, wanaelekea kwenye shimo la shaba nje ya Kolwezi. Yeye anabaki chini, akiusindikiza kwa macho usukani uliokuwa wake.

"Miezi ine mi niko nagonga tu ma-pneu," anasema na kucheka. "Leo munganga, docteur wa kliniki, atasema kama narudia kule juu."

Kalumba, 46, ameendesha malori ya mgodi miaka kumi na tisa bila ajali. Lakini siku moja msimamizi alimkuta kwenye foleni ya kupakia amelala fofofo, injini ikinguruma. Kampuni ikamtuma akapimwe usingizi.

Nyumbani kwake, mtaani Kapata, hakuna aliyeshangaa, maana kukoroma kwake kunajulikana mtaa mzima. Kilichomtisha mkewe, Fidélie, ni kile kimya cha katikati.

"Anakoroma, halafu pumzi inaacha," anasema. "Namusukuma, ndiyo anarudia."

Kalumba alilala usiku mmoja na mkanda kifuani, mrija puani na kifaa kimembana kidole. Siku ya tatu kliniki ikampa karatasi ya majibu, akaambiwa arudi mchana daktari amsomee. Nani angengoja? Aliona 71%, akapiga simu nyumbani.

"Ku masomo sikupataka hata soixante, sitini," anasema. "Mi nikasema, nimereussir!"

Fidélie akamfanyia wanachofanyiwa vijana wa huku "wakireussir", yaani wakifaulu, mtihani wa taifa: vigelegele mlangoni na kopo zima la poda kichwani. Majirani wakaja kucheza. Mchana Kalumba akaingia kwa Dkt. Charlotte Kazadi masikio yangali meupe.

"Tata Kalumba, hii haiko points ya masomo," daktari alimwambia. "Hewa mu damu yako inashuka mpaka 71. Inapashwa kubakia juu ya 90. Na pumzi inakatika mara 38 kila saa."

Kalumba alijua kazi ndiyo basi tena, akalia mbele ya daktari bila kujificha.

Kumbe tiba ipo: mashine ndogo inayosukuma hewa puani kupitia kinyago, kila usiku. Kampuni ilimpatia, kwa sharti moja: asiguse usukani mpaka apimwe tena.

Wiki ya kwanza alikivua kinyago kila mara. Wiki ya tatu Fidélie ndiye aliyeshtuka usingizini, kwa sababu hakusikia kitu. Alimwekea mkono kifuani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, naye akalala kwa raha.

Saa tisa alasiri ya leo, Dkt. Charlotte anashika karatasi ya kipimo cha pili. "Ine," anasema, yaani nne.

"Ine juu ya ngapi?" Kalumba anauliza. Safari hii amejifunza adabu.

"Pumzi inakatika mara ine kila saa, tata. Chini ya tano ni muzuri. Na hewa haishuke chini ya 91."

Daktari anatia saini ruhusa. Jumatatu Kalumba anarudi kwenye lori lake, na mashine atalala nayo kila usiku. Anataka kuendesha mpaka siku ya kustaafu.

Nje, kwenye benchi, Fidélie anaonyeshwa karatasi. Haigusi. Anampita mumewe, anachungulia mlangoni.

"Docteur, ni weye umesoma, ao ni yeye?"

"Ni mi, mama. Amereussir."

Hapo ndipo Fidélie anapofungua mkoba na kutoa kopo la poda.