Mkono wa Sweta Uliofukiwa Golini

Nimekosa. Nataka uanze kulijua hilo kabla ya kitu kingine chochote, maana nikianza kueleza utanionea huruma, na mimi sistahili.

Ilianza Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nilipochana karatasi katikati ya daftari langu la siri na kuandika mstari mmoja. Mmoja tu! Haukuwa na neno hata moja la uongo. Ndiyo maana nasema nimekosa.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nakaa Dutwa. Jina sitaji. Naona aibu sana mbele za watu. Mwalimu akiniita ubaoni, naandika jibu bila kugeuka. Ninayotaka kusema naandika, tangu darasa la tano. Nina madaftari saba chini ya godoro.

Timu yetu ya kata ilikuwa na kocha aliyetoka Pwani. Tulimwita Kocha tu. Klabu ilimleta kwa mkataba wa mwaka mmoja na akapanga chumba uani kwetu. Mtu mpole! Kisukuma alikuwa anajifunza kwa shida. Jua limeshapinduka yeye bado anasalimia "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi. Mayu, yaani mama yangu, anacheka mpaka anashika mbavu. "Kocha, kwenu jua linachomoza saa ngapi?"

Mimi aliniita "mwanangu". Ndiye mtu mzima pekee aliyewahi kuniuliza naandika nini.

Sasa kaka yangu. Nimwite Shija, silo jina lake. Alikuwa winga wa kushoto, na anapenda mpira kuliko chakula. Mwezi wa tano alimkanyaga mtu makusudi uwanjani, mguu wa yule mtu ukavimba kama chupa. Kocha akamweka benchi mechi tatu, na winga akampa mtu mwingine.

"Ukipiga mtu kwangu, unakaa," alimwambia palepale uani. "Mpira si vita, Shija."

Shija akaacha kula na sisi. Usiku namsikia anapiga ukuta kwa ngumi, pu, pu, pu. Nilimhurumia mno. Nikamchukia Kocha kimyakimya, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Halafu tukatolewa nusu fainali na timu ya Malampaka, tena nyumbani. Penalti yetu ya mwisho iligonga mlingoti wa kushoto, goli la upande wa ghala la pamba. Ukumbuke huo mlingoti.

Mkataba wa Kocha ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Ndipo ukaitishwa mkutano pale pale uwanjani: aongezewe mwaka, au aende? Kwetu mkutano wa hivyo haufanywi na viongozi watano ofisini. Anakuja kila mtu, kama wazee wa sungusungu wanapokaa kuhukumu mwizi wa ng'ombe. Wanaume wengi walikuja na fimbo zao za kuchungia, kama siku zote. Mwisho watu wanapanga mistari miwili, upande wa ndiyo na upande wa hapana.

Kocha alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele, kashika kofia yake magotini.

"Aende!" alipiga kelele dereva mmoja wa bodaboda. "Nusu fainali nyumbani, tunafungwa! Huyu anatufundisha kupasiana tu kama tunagawana karanga!"

Mama Kulwa akainuka. Huyu anakaanga maandazi pembeni ya uwanja na haogopi mtu. "Wewe kaa chini! Kabla yake mlikuwa mnafungwa sita, sita! Mmesahau? Mwaka jana mlikuwa mnajificha mkiulizwa timu yenu!"

Watu wakacheka. Nikaona uso wa Shija. Watu walikuwa wanaelekea kwenye ndiyo, na yeye aliliona hilo. Mwaka mwingine chini ya Kocha! Midomo ilikuwa inamtetemeka kama ya mtoto.

Mwenyekiti wa klabu akasema, "Wenye aibu ya kusema, waandike. Ndoo hii hapa. Si lazima jina."

Wenye aibu! Nilihisi ananiita mimi.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hili sijawahi kumwambia hata padri.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinanyesha, mchwa walikuwa wanakula ile milingoti ya goli. Ni miti ya porini tu, si chuma. Asubuhi moja mapema Kocha aliniuliza, "Mwanangu, mama hana majivu?" Nikamchotea jikoni kwetu. Mfuko haukuwepo. Nikachukua sweta langu la kijani la shule ya msingi, lililonibana zamani, nikang'oa mkono mmoja, nikaujaza majivu, nikaufunga pande zote mbili. Tukaenda wote. Yeye akaongeza majani ya mwarobaini aliyotwanga, akachimba chini ya mlingoti wa kushoto, akaufukia mkono wote vilevile ili mvua isisombe majivu. Mimi ndiye niliyekanyagia udongo!

Jumapili ile niliandika hivi: "Nilimwona Kocha anafukia kitu chini ya mlingoti wa kushoto, goli la ghala, asubuhi kabla watu hawajaamka."

Nikaishia hapo. Nikakunja. Nikatia kwenye ndoo.

Nilidhani nini? Nilidhani watu watanong'ona, watapanga mstari wa hapana, Kocha atafunga mabegi, kaka yangu atarudi winga ya kushoto. Basi! Wallahi sikuwaza zaidi ya hapo. Lakini nilizaliwa hapa. Najua mtu wa mbali akionekana anafukia kitu kunafuata nini. Nilijua na nilijifanya sijui.

Mwenyekiti alisoma karatasi nne. Ya tano ilikuwa yangu. Alisoma polepole, halafu akarudia. Nikasikia mafuta ya Mama Kulwa yanachemka.

"Mlingoti upi?" mtu akauliza.

"Ule ule wa penalti."

Kocha akasimama. Alikuwa anatabasamu, maskini! "Jamani, ni majivu. Majivu ya mchwa. Twendeni mkaone."

Vijana walishafika golini. Walichimba kwa mikono na kwa fimbo. Kisha mmoja akapiga ukelele akarusha kitu nyuma kama kimemuuma.

Mkono wa sweta langu. Ulikuwa mweusi, umelowana, umefungwa huku na huku, umenenepa kwa majivu na majani yaliyooza. Mdogo. Kwa sababu nilikuwa mdogo nilipouvaa.

"Nguo ya mtoto!" mwanamke akalia. "Mkono wa mtoto! Wa nani huyu mtoto jamani?"

Hapo mtu akapiga mwano. Kama hujawahi kuusikia, mwano ni ukelele wetu wa hatari, na ukipigwa kila mwanaume mwenye miguu anakimbilia ulikotokea na alichonacho mkononi. Ukajibiwa sokoni. Ukajibiwa ng'ambo ya barabara. Niliona watu wanatoka kwenye mashamba ya pamba na mipini ya majembe, hata hawajui kumetokea nini.

Aliyepiga wa kwanza alikuwa kaka yangu.

Alipiga kwa fimbo, mdomoni. Niliona meno. Kocha akaanguka juu ya kile kiti cha plastiki, kiti kikapasuka. Kisha sikuona tena mtu, niliona migongo tu na fimbo zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka. Mlio wa zile fimbo sitausahau. Ulikuwa kama watu wanaopura mtama.

Aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Wakaupiga mpaka ukapinda mahali pasipopinda mkono. Mtu alileta jiwe. Mtu mwingine alikuwa ameshaitia moto pikipiki ya Kocha, moshi mweusi, na watoto wanashangilia! Watoto niliosoma nao!

Na kwenye uwazi kati ya miguu ya watu aliniona. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Akaita.

"Mwanangu! Waambie! Waambie, mwanangu!"

Watu wakadhani anamwita huyo mtoto wa kwenye sweta. Wakampiga zaidi.

Mimi nilikuwa hatua kumi. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ile aibu yangu, ile ambayo kila mtu anaisifia, "binti mtulivu, binti ana adabu", ilinishika nikasimama na mdomo wazi. Mungu wangu! Sentensi moja tu. "Ni sweta langu." Maneno matatu, mtu angepona mkono.

Aliyesema ni Mama Kulwa. Alinyanyua karai lake la mafuta ya moto kwa matambara mawili akapenya katikati ya wanaume. "Atakayesogea namwagia! Wallahi namwagia usoni! Sogea wewe, sogea!" Yakamrukia mwenyewe miguuni na hakuacha. Akasimama juu ya Kocha miguu yake imetoka malengelenge, mpaka polisi wakaja wakapiga risasi juu.

Walimpakia Kocha nyuma ya gari kama gunia, wakampeleka hospitali Bariadi. Chini ya ulinzi! Maana sasa yeye ndiye mtuhumiwa: mtoto wa ile nguo yuko wapi?

Nyumbani, baba alikuwa anakuna kidevu tu. Shija alikuja na damu kwenye fulana. Alikuwa hapepesi macho.

"Mimi ndiye niliyempata wa kwanza," akasema. "Mchawi mkubwa yule."

Nikaenda chumbani, nikavuta sweta kutoka chini ya madaftari, nikaliweka mbele yao kwenye mkeka. Kijani. Mkono mmoja.

Hakuna aliyeuliza. Mayu alilitambua kabla ya wote, maana kwenye kiwiko alishona kiraka kwa uzi mwekundu, mikono yote miwili, mwaka niliokuwa darasa la nne. Akakaa chini taratibu.

Shija aliangalia sweta. Akaniangalia. Kisha akanipiga kofi nikagonga mlango, akanikamata shingo. "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema wewe!" Baba alimbandua kwa nguvu. Shija akatoka nje, nikamsikia anatapika ukutani, palepale anapopigaga ngumi.

Aliporudi alikuwa analia. "Dada, ukisema mimi naenda jela. Unanisikia? Jela."

"Hakuna anayejua," baba akasema. "Choma hilo sweta jikoni. Yule atapona, atarudi kwao, yameisha."

Lakini hayakuwa yameisha! Nje ya ua wetu vijana walishapita wakisema kesho wanapanda magari kwenda Bariadi kumalizia hospitalini. Walisema kwa sauti kabisa, kama wanaokwenda mnadani.

Nitakuambia yaliyokuja baadaye, kwa sababu ningekuwa wewe ningetaka kujua. Kocha yuko hai. Mkono wa kushoto haunyooki, sikio moja halisikii. Mkataba hakuongezewa, wala hakusubiri kuulizwa. Kaka zake walikuja kumchukua, hawakusalimia mtu. Nilimwandikia barua tatu. Hajajibu, na haki yake. Mama Kulwa anakaanga maandazi kama zamani, ila miguu ina makovu na mimi hanitazami. Nikipita anageuza uso kwenye karai. Timu haina kocha, na ule mlingoti wa kushoto umeshaliwa na mchwa mpaka umeinama.

Wewe unayesoma, hasa wewe mpole kama mimi, usiyependa kusema mbele za watu: usijidanganye kwamba hujasema uongo. Mimi sikusema uongo! Nilikata ukweli katikati, nikawapa watu kipande chenye ncha, nikabaki na kile chenye mpini. Na kama una karatasi mkononi isiyo na jina lako, jiulize kwa nini hutaki jina lako liwepo. Mimi sikujiuliza. Na usiseme ni aibu. Nilikuwa na aibu ya kusema, sikuwa na aibu ya kuandika.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya ng'ombe kutolewa zizini. Nilitoa sweta chini ya shuka, nililala nalo. Mayu alikuwa mlangoni, hajalala, hata kilemba alikuwa nacho tangu jana. Nilidhani atanizuia. Aliangalia nililoshika, akaangalia mlango wa chumba cha Shija. Kisha akavua kitenge chake akanifunga mabegani.

"Kuna baridi," akasema. Basi. Akaingia ndani akafunga mlango.

Kituo cha polisi kilikuwa kimejaa harufu ya moshi wa jana kwenye nguo za watu. Askari alikuwa anakunywa chai.

"Mwangaluka," nikasema.

"Sema, binti."

Sikuweza. Nikaweka sweta mezani. Askari akalitazama muda mrefu, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na ule mkono uliochimbwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akauweka kando ya sweta, pale ulipong'oka. Kiraka cha kiwiko, uzi mwekundu. Kiraka cha kiwiko, uzi mwekundu.

Akatoa kalamu na karatasi akanisogezea. "Andika basi."

Nikairudisha.

"Nitasema," nikamwambia.

Akaniuliza jina langu. Nikalitaja. Akauliza nani aliandika karatasi ya kwenye ndoo. Nikasema ni mimi, na nikamweleza ya majivu, yote, mpaka nilivyokanyagia udongo. Sauti ilikuwa inatoka, sijui ilitokea wapi, askari wengine wakaja kusimama mlangoni.

Kisha akaniuliza nani alipiga wa kwanza.

Nikalitaja na hilo.