Historia ya Simu ya Mama Mkwe

Ukweni kwangu Bungoma, mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, haketi karibu naye, wala hachungulii kilicho mikononi mwake. Kwa miaka saba nilizishika sheria hizo bila taabu. Nilikuwa naenda mara mbili kwa mwaka, nakula nikiwa nimeinama, nashukuru, naondoka. Kisha mama mkwe akanunua simu ya kisasa.

Mimi hufundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Kitale, na nyumba yetu iko mtaa wa Matisi. Jumamosi moja asubuhi mke wangu alipigiwa simu na mamake, na sauti ile niliisikia nikiwa jikoni.

"Mwambie mwarimu aje. Simu inanicheka."

Haikuwa mzaha. Mama mkwe ni katibu wa chama cha akina mama wafugaji, na chama kilitakiwa kujiandikisha kwa mafunzo ya ng'ombe wa maziwa. Fomu ilikuwa mtandaoni tu, na mwisho wa kuituma ulikuwa saa kumi jioni siku hiyo hiyo.

Tulifika saa sita. Nikaketishwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama mkwe akakaa upande wa pili wa sebule, nusu amenipa mgongo, na mke wangu akavuta stuli katikati kama mkalimani wa mahakamani.

"Inacheka vipi?" nikaiuliza kalenda iliyokuwa ukutani.

Mke wangu akachungulia. "Pale juu, kwenye kale kaboksi ka namba, hakuna namba. Kuna kauso kanatabasamu."

Nikaelewa. Kivinjari chake huhesabu kurasa zilizo wazi, na zikipita tisini na tisa, huacha kuhesabu na huweka kicheko.

"Mwambie Mama azifunge kurasa ambazo hazitumii."

"Nifunge na sijamariza kusoma?" mama mkwe akaruka. "Nikizihitaji kesho nitazitoa wapi?"

Nikaeleza kwamba kufunga ukurasa si kuuchoma moto. Ukurasa unabaki kwao mtandaoni, na kivinjari ni dirisha tu la kuchungulilia. Ukiutaka tena, unafungua dirisha. Akafikiria, akakubali, lakini alizifunga moja moja, na kila moja akaiaga. "Ya minyoo ya ndama, kwaheri. Ya mvua ya Cheptais, kwaheri." Ilichukua zaidi ya saa mbili.

Tukaja kwenye anwani ya fomu, aliyosomewa mkutanoni, naye akaiandika kama alivyoisikia. Alikuwa ameijaribu tangu Alhamisi, na kila mara simu ilimwambia ukurasa haupatikani. Nikamwomba asome alivyoandika pale juu kabisa, herufi kwa herufi.

"K, i, r, i, m, o."

"Ni L, Mama. Kilimo."

"Ndiyo. Kirimo."

"Ati ni L," mke wangu akatafsiri.

"Si ndiyo hiyo nimeandika?"

"L ya lori!" Nilikuwa nimesahau kuiangalia kalenda.

"Nasema ndiyo hiyo! Ya rori!"

Nikamgeukia mke wangu anisaidie, lakini yeye amelelewa nyumba ile na masikio yake hayakusikia tofauti yoyote. Nikafunga macho, nikasema, "Ile herufi inayosimama wima kama fimbo."

"Aa! Fimbo! Mwambie angesema mapema."

Fomu ikafunguka. Mama mkwe akapiga makofi. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaonja raha ya kufunga, akaifunga.

Ilikuwa saa tisa na robo. Sikutaka kamwe turudi kwenye lori. "Bonyezeni vitone vitatu," nikasema, "kisha pale pameandikwa Historia. Kila ulikopita kumeandikwa. Someni mpaka muione fomu."

Mke wangu akaichukua simu na kuanza kusoma kwa sauti, kama anasoma matangazo ya kanisa. "Fomu ya mafunzo, hii hapa." Akaendelea kuteremka kwa udadisi. "Bei ya dume sokoni Lwakhakha. Dawa ya kiwele kuvimba. Mkwe wangu haongei, je, ananichu..."

Akaiziba skrini kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, nami nikaisoma kalenda yote, sikukuu na mwezi mpevu. Miaka saba nilidhani ninaonyesha heshima. Yeye alikuwa akimuuliza mgeni asiyejulikana mtandaoni kama mimi namchukia.

"Mwambie Mama," nikasema, "mimi nanyamaza kwa sababu naogopa kukosea."

"Mwambie," akajibu kutoka ndani ya kitambaa, "na mimi hivyo hivyo."

"Na mtandao ulimjibu nini?" nikauliza.

"Uriniambia niwe mvumirivu."

Mke wangu alianza kucheka hadi akaporomoka kutoka kwenye stuli. Nasi tukacheka, kila mtu akiangalia ukuta wake. Tukajaza fomu, majina ya akina mama kumi na wanne, na ikaenda zikiwa zimebaki dakika sita. Kabla hatujaondoka akataka kujua historia inafutwaje. Nikamwambia unaweza kufuta ya saa moja, ya siku moja, au yote. Akafuta yote.

Jumatano iliyofuata simu yangu ililia nikiwa darasani. Alikuwa yeye mwenyewe, bila kupitia kwa bintiye, kwa mara ya kwanza.

"Mwarimu, hapa wananiuriza kama nakubari vidakuzi. Ni vya nani?"

"Ni vya wenye tovuti, Mama. Wanaacha alama kwenye simu yako ili ukirudi wakutambue."

"Nawajua?"

"Huwajui."

"Basi nimekataa," akasema, na akakata simu bila kuaga.