Kimya Kisichopita Kwenye Simu

Habari ya kifo chake ilinifikia kwa simu, na najua hilo lingemuudhi. Katika kundi letu la watu wa Kasongo mtu aliweka picha ya mshumaa, akaandika chini yake kwamba Metre ametutoka. Kabla sijamaliza kusoma, vile vijikono vya kuomba vilikuwa vimejaa kioo kizima. Kisha mmoja akauliza kama barabara ya Kabambare inapitika, na mazungumzo yakahamia huko. Nilikasirika, msomaji wangu, na bado nina hasira ninapoandika haya. Marehemu, ambaye kama mawakili wote wa huku tulimwita Metre, alikuwa mtetezi wa watu katika mahakama ndogo za huku kusini mwa Maniema, kesi za mashamba na urithi, miaka na miaka. Hatukuwa marafiki. Mimi nilikwenda mahakamani kutafuta habari, yeye alikwenda kutafuta ugomvi, tukazoeana kwa kukaa benchi moja. Alikuwa mtu wa kiburi, aliwagombeza wateja wake mbele za watu, na katika mchezo wa bao aliiba kete bila haya. Lakini kazi yake aliijua.

Kazi yake yenyewe ilikuwa kunyamaza. Siku moja waliletwa wanaume wawili wa Nyangwe waliogombania mtumbwi. Yule aliyeushika alikuwa msemaji hodari, alishamaliza kutaja mashahidi na kuapa kwa watoto wake wote. Metre, aliyemtetea yule mwingine, akasimama, akauliza swali moja tu: “Ile mutumbwi, ni nani aliichonga?” Yule msemaji akajibu haraka kwamba ni yeye. Metre hakusema kitu. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaendelea kumtazama. Jaji akaanza kuchezea kalamu. Watu wakaacha kukohoa. Yule bwana akatazama dirishani, akatazama chini, akawatazama wenzake wavuvi waliokuja kusikiliza, na hakuna hata mmoja aliyemrudishia jicho. Mwishowe akamwambia jaji kwa sauti ndogo: “Basi, Bwana Prezida, ni yeye alichonga. Mimi niliachiwaka tu ya kuchunga.” Nje nilimuuliza Metre amewezaje, akanijibu kwa dharau yake ya kawaida: “Mutu anaweza kubeba uongo, lakini hawezi kuubeba na watu wanamuangalia.”

Sasa sheria imeingia kwenye simu. Sitakuwa mnafiki: kuna mema. Zamani kitabu cha sheria ya ardhi kilikuwa kimoja, kimechanika, na aliyekishika alikuwa mfalme. Leo wakili kijana anacho mfukoni. Anaiuliza mashine, na mashine inamwandikia hoja kwa Kifaransa kilichopigwa pasi. Metre mwenyewe aliwahi kusomewa hoja za namna hiyo, akakiri kwamba zimeandikwa vizuri kuliko zake. Hayo hayakumwumiza. Kilichomwumiza ni kesi ya mama mmoja mjane wa upande wa Lusangi.

Mama huyo na mumewe walifyeka pori wakapanda michikichi, migazi kama tunavyoiita huku. Mume alipokufa, shemeji yake akaja na maneno kwamba miti ile ilipandwa na baba yao kabla mama hajaolewa, kwa hiyo shamba ni la ukoo, na mjane atoke. Aliyeshuhudia upandaji alikuwa mmoja tu, rafiki wa marehemu mumewe, naye alishahamia mbali upande wa Kabambare. Mvua zilikuwa zimeikata barabara. Jaji, ambaye sitamtaja wala mahakama yake, akaamua shahidi asikilizwe kwa simu, sauti ikiwa wazi. Tulikaa kimya kuizunguka ile simu mezani. Metre, aliyemtetea mama, akainama: “Baba, ile migazi, ni nani aliipanda?” Shahidi hakujibu. Tulisikia jogoo akiwika huko aliko, na mtu akikokota kiti. Metre alinyoosha mkono kutuzuia tusiseme. Lakini karani akapaza sauti: “Alo? Alo? Bwana Prezida, rezo imekatika.” Kwake yeye mtandao ulikuwa umepotea; akakata, akapiga tena. Safari hii mzee alijibu upesi kama anayesomewa: miti ilipandwa na baba yao, kabla ya mama kuolewa.

Metre akaruka. “Bwana Prezida, rezo haikukatika! Jogoo tuliisikia sisi wote. Niliuliza, akanyamaza. Naomba kile kimya kiandikwe. Na naomba tujue ni nani iko pembeni yake kule.” Jaji akacheka: “Metre, sasa unataka jogoo itoe ushahidi?” Ukumbi mzima ukacheka, na nakumbuka sura ya yule mama, maana yeye peke yake hakuelewa kinachochekesha. Kikao kilikuwa kimerekodiwa, mashine ikakigeuza maandishi. Niliyasoma. Swali, kisha jibu. Kati yake hapakuwa na kitu. Mama akashindwa.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakujua kwamba siku moja mwongo hatahitaji njia kabisa, atapokea simu akiwa amekaa kwake. Na tusiilaumu mashine, haikujileta. Wakubwa wetu waliona kazi ya kutengeneza barabara ni ndefu, wakatusimikia mnara wa simu, kisha wakatuambia haki sasa imesogea karibu. Kilichosogea ni sauti tu. Macho, jasho na aibu ya mtu vimebaki huko porini, na humo ndimo ukweli wetu ulimokuwa ukikaa.

Matangani kwa Metre nilimkuta yule mama. Siku hizi anakamua mafuta ya ile michikichi kwa kibarua, chini ya shemeji yake. Akaniambia kwamba kiangazi yule shahidi alimjia kwa baiskeli. “Nilimuwekea kiti. Nikamuuliza lile swali la Metre. Akaniangalia, akanyamaza, akaanza kulia. Akasema, ‘Mama, ni wewe na bwana yako mulipanda, siku ile ya simu watu wa shemeji yako walikuwa wananisimamia.’ Nikamuambia, baba, haya machozi uliyaleta huku ya nini? Huku hakuna jaji.”

Msomaji wangu, kesho jina lako litaitwa katika kesi ya jirani, na watakuambia usisumbuke, namba yako inatosha. Usikubali. Panda pikipiki, kokota baiskeli, vuka matope, ufike usimame pale. Kama utamnyang'anya mwenzako shamba kwa kinywa chako, mpe walau haki ya kukutazama usoni unaposema.